Maji ya kifua yanayorudi: andika kwanza papa alifanya kazi wapi

Wiki iliyopita umefika ujumbe wa kijana mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi: «Papa bamemutosha maji ku kifua mara tatu, inarudia tu. Dawa ya TB alimaliza miezi sita. Tufanye nini?» Mzee ana miaka 71. Ujumbe ulikuwa mrefu, wenye vipimo vyote na bei ya kila kimoja, ila neno «kazi» halikuwemo. Baada ya kuulizwa, kijana alijibu kwa mstari mmoja: papa alikuwa fundi wa boila, 1973 hadi 1989, akifunga mabomba ya mvuke kwa «ile pamba nyeupe».

Ile pamba nyeupe, kwa miaka ile na kwa kazi ile, karibu kila mara ni amianti, nyuzi za madini zisizoshika moto. Tanzania na Kenya wanaiita asbestosi. Hapa Lubumbashi wengi wanaijua kwa jina la eternit, yale mabati ya saruji, kwa hiyo wakisikia habari ya hatari wanatazama paa na kusahau karakana. Ni kinyume. Ndani ya bati nyuzi ni kama asilimia 10 hadi 15 na saruji imezishika. Kwenye pamba ya mabomba nyuzi ziko huru, zinaruka ukizigusa tu, na zile zinazofika chini kabisa ya mapafu ni nyembamba kuliko mikromita 3, hazionekani kwa macho. Mji huu umekulia kwenye tanuru na reli, shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa 1911, na karne iliyopita amianti ilifuata tanuru, boila na breki popote zilipokuwa duniani.

Ubaya wake ni kuchelewa. Kansa ya utando wa mapafu, mesothelioma, kwa kawaida hutokea miaka 20 hadi 50 baada ya vumbi la kwanza. Mzee amekwisha kustaafu zamani. Akifika hospitali anaulizwa, «Unafanya kazi gani?» Anajibu kwa heshima: «Nalima kidogo.» Kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa, wanaandika mkulima. Hapo ndipo njia inapopotea, na hakuna radio, yaani picha ya kifua, itakayoirudisha.

Kwa hiyo kabla ya kukopa pesa za skana, nunua daftari. Kaa na mzee asubuhi, akiwa hajachoka, mwanzie na kazi ya kwanza kabisa hata kama alikuwa na miaka 15. Kila mstari uwe na mwaka wa kuanza na wa kumaliza, mahali, kitu alichokishika kwa mikono, na kama vumbi lilikuwa linaonekana. Cheo usikitegemee. «Fundi» haimwambii daktari kitu. «Alikata pamba ya boila kwa kisu, ndani ya chumba kisicho na dirisha, siku tatu kwa juma» inamwambia kila kitu. Wala usimuulize, «Uligusa amianti?» Atakataa, kwa sababu jina hilo hakuwahi kuambiwa. Uliza alikuwa anakata nini. Uliza juu ya kamba nyeupe ya mlango wa furu (tanuru), karatasi ngumu ya kukatia gasketi, gwanti na blanketi za wachomeleaji, na viatu vya breki vya gari na vya mabehewa. Kwa watu wa breki ongeza swali moja: vumbi la ndani ya dramu walilitoaje? Wengi walipuliza kwa hewa ya kompresa, na hiyo ndiyo njia ya kulijaza karakana nzima kwa dakika moja.

Kisha uliza salopeti, nguo zake za kazi, zilifuliwa na nani. Jibu ni mama, na kabla ya kuziloweka alizikung'uta uani. Wake na watoto wa wafanyakazi wamepata kansa hii bila kukanyaga karakana. Hilo si jipya: mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake walipoandika habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma huko Afrika Kusini, wengi walikuwa wameishi tu jirani na migodi ya amianti ya buluu ya Cape, baadhi wakiwa watoto wakati huo. Mama naye apewe ukurasa wake.

Andika pia sigara, ukweli mtupu, ngapi kwa siku na miaka mingapi. Sigara haiongezi mesothelioma. Lakini ikikutana na amianti, hatari ya kansa ya pafu lenyewe inapanda mno kuliko ya kila moja peke yake. Mvutaji aliyefanya kazi hizo akiacha leo, anapunguza hatari kweli, hata akiwa na miaka 60.

Daftari likiwa tayari, liende hospitali ya Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu pamoja na radio zote, za zamani hasa. Usizitupe kwa sababu zimechakaa. Huku kwetu kila kifua kinadhaniwa TB, na kwa mchimbaji wanadhani vumbi la mawe. Si makosa, magonjwa hayo yapo kweli. Ila vumbi la mawe na TB hupenda sehemu ya juu ya mapafu, na makovu ya amianti huanzia chini. Mabamba meupe juu ya kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, pande zote mbili, ni alama kwamba mtu alivuta amianti. Si kansa, na hayageuki kuwa kansa, kwa hiyo asiuze kiwanja kwa sababu ya hayo.

Maji ndiyo mambo. Maji ya TB kwa kawaida hukauka dawa zikifanya kazi. Yakirudi baada ya matibabu kamili, tena yakiwa na damu, na upande mmoja unauma usiku, swali lazima libadilike. Dawa za TB usizikatize kwa akili yako: GeneXpert, kipimo cha mashine cha TB, ikipima maji ya kifua na kusema hakuna TB, mara nyingi inakosea. Mwambie daktari tu maneno haya: «Maji yamerudi, na kazi yake ilikuwa hii.»

Wakitoa maji, yasizidi lita 1.5 kwa mara moja. Familia nyingi hushinikiza yatoke yote ili mzee apumue. Pafu likifunguka ghafla linaweza kujaa maji ndani yake, na hapo mtu anazidiwa siku hiyo hiyo. Maji ya kutafuta chembe za kansa yawe angalau mililita 50, yafike maabara siku ile ile au yakae kwenye friji. Hata hivyo maji peke yake mara nyingi hayatoshi kwa mesothelioma. Inahitajika biopsi, kipande cha utando chenyewe, kikae ndani ya formalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10, nyingi kuliko nyama mara kumi. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi kwa safari ya siku tatu, kinaoza na sindano ile yote imekuwa ya bure. Uliza kabla hawajachoma: formalini ipo? Nani anabeba? Ni maswali ya aibu kidogo kumuuliza daktari. Uliza tu.

Juu ya matibabu niseme bila kuzunguka. Mesothelioma kwa watu wengi haiponi. Kuna dawa za mshipa, cisplatin au carboplatin pamoja na pemetrexed, zinazoongeza miezi, na pemetrexed haitolewi bila asidi ya foliki na sindano ya vitamini B12 kuanzia wiki moja kabla. Wenye uwezo huvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Lusaka, Zambia, kwenye hospitali ya kansa iliyofunguliwa 2007. Wapige hesabu ya kurudi pia. Kinachosaidia wengi zaidi ni kugandisha utando wa pafu na ukuta wa kifua kwa talki (unga) ya hospitali ili maji yasirudi, na mofini ya kunywa kwa maumivu na kwa pumzi. Watu wanaiogopa mofini kuliko kansa. Dozi ndogo inayoongezwa taratibu haimuui mzee, inampa usingizi.

Nakala moja ya daftari iambatane na cheti cha huduma, fishi za malipo na karte ya kazi, iende CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ile ambayo wazee bado wanaiita INSS, kwenye tawi la hatari za kazi. Kampuni ikiwa imekufa, tafuteni wenzake wawili wa karakana ile waandike na kutia sahihi wakiwa bado hai.

Sasa swali la pili la yule kijana, maana ujumbe ulikuwa nalo: wanataka kushusha mabati ya eternit ya nyumba ya zamani, wayauze walipie matibabu. Msiyauze. Mnunuzi atayakata kwa diski. Paa zima lisilovunjika liacheni lilivyo. Msilikwangue moshi na ukungu kwa brashi ya chuma ili kulipaka rangi. Kama ni lazima lishuke, lilowesheni maji yenye tone la sabuni, fungueni misumari badala ya kupiga nyundo, na kila bati lishuke zima kwa mikono ya watu wawili. Mkanyage juu ya mbao zinazolala kwenye mihimili: bati la miaka hamsini linavunjika kama biskuti, na anayeanguka hasubiri miaka thelathini. Kashenee (barakoa) ya kitambaa haizuii kitu, inatakiwa maski ya FFP3, ile ya kuchuja vumbi laini, na mwenye ndevu anyoe. Vipande viingie katika mifuko miwili ya plastiki nzito, vizikwe mbali na kisima. Matope ya kwenye mfereji wa paa yana nyuzi zilizooshwa na mvua miaka yote hiyo, kwa hiyo yachotwe yakiwa mabichi, na yasimwagwe kwenye bustani ya lengalenga (mchicha).