Mjusi kafiri, msome vidole kwanza: kwa mnaoanza kazi ya mijusi

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuatilia mijusi kafiri, vipimo vya wiki sita viliharibika kwa sababu ya mkia. Nilikuwa napima mjusi kutoka puani hadi ncha ya mkia, naandika, namwachia, nahamia kwa mwingine. Aliyekuja kulipitia daftari langu aliuliza swali moja tu: wangapi kati ya hawa wana mkia wa kuzaliwa nao, na wangapi umeota upya? Sikuwa na jibu. Kwa hiyo wewe unayeanza leo, pima kutoka ncha ya pua hadi tundu la kinyesi. Mkia uandike peke yake, na pembeni weka alama kama umewahi kukatika.

Kuutambua si vigumu ukishazoea. Mjusi kafiri wa kwetu ana vipele vya magamba vilivyojipanga safu safu, kuanzia mgongoni hadi mkiani. Mkia ulioota upya hauna safu hizo, magamba yake ni madogo yanayofanana, na mara nyingi rangi yake haioani na mwili. Ndani tofauti ni kubwa zaidi. Pingili za mkia wa asili zina ufa ulioandaliwa tangu mwanzo. Mjusi akibanwa, misuli inajikaza, mkia unaachia hapo, na damu inayotoka ni kidogo sana. Kipande kinabaki kinarukaruka huku mwenyewe akitokomea. Mkia mpya hauna pingili, una ufito wa gegedu tu, kwa hiyo safari nyingine itabidi ukatike juu zaidi, palipobaki mfupa wa asili. Na humo mkiani ndimo anamoweka akiba ya mafuta. Usimkamate mkia hata siku moja. Mshike kiwiliwili, kwa upole, kwa muda mfupi.

Sasa vidole, ambavyo kwangu ndiyo kazi yenyewe. Kabla hujagusa mjusi yeyote, kaa ndani usiku, washa taa, subiri apite kwenye kioo cha dirisha upande wa nje. Utamwona kwa chini. Chini ya kila kidole kuna mikunjo myembamba iliyopangwa jozi jozi, na kucha imeinuka juu kidogo, haigusi kioo. Mtazame anapoinua mguu: hauvuti wote kwa pamoja. Anavibandua vidole kuanzia nchani, vinajikunja kwenda juu, kama mtu anayebandua plasta. Nimewaonyesha wanafunzi wengi dirisha hilo, na hakuna kitabu kilichowafundisha haraka kuliko hapo.

Hakuna gundi pale, wala hafyonzi kama kikombe. Mikunjo imejaa vinyweleo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kwa tokei, mjusi mkubwa wa Asia aliyechunguzwa kuliko wote, unyayo mmoja una karibu nusu milioni, na kila kinyweleo kimepasuka nchani kuwa mamia ya vijibapa vya takriban nanomita 200, yaani sehemu moja ya elfu tano ya milimita. Mwaka 2000 mtafiti Kellar Autumn na wenzake walipima nguvu ya kinyweleo kimoja; mwaka 2002 wakaonyesha kwamba kinachoshikilia hasa ni nguvu za van der Waals, ule mvutano hafifu wa molekuli zinapokaribiana sana. Mmoja haufiki popote, lakini mamilioni yake yanambeba mjusi darini. Ndiyo maana kikaango kisichogandisha chakula, kile cha Teflon, humtelezesha kikiwa kikavu.

Ukishaielewa nyayo hiyo, utaanza kuuliza swali sahihi kwa kila jamaa yake: huyu anaishi wapi hata awe na miguu hii? Misitu ya Usambara ina wale wembamba wa kundi la Ancylodactylus, ambao zamani waliitwa Cnemaspis, wasio na mikunjo ya kunata. Wana kucha na vidole vilivyopinda vya kushikia magome na miamba. Nyanda kame za Kenya na kaskazini mwa Tanzania zina Holodactylus africanus, anayetembea chini polepole, hapandi ukuta, na ana kope zinazofumba, jambo ambalo mjusi kafiri hana. Na wale wadogo wa mchana wenye vichwa vya njano unaowaona kwenye minazi na kuta za Mombasa au Dar es Salaam, Lygodactylus picturatus, wana vibandiko hadi chini ya ncha ya mkia. Ni mguu wa tano. Wengi wanaishi nao miaka yote bila kujua.

Rangi usiiamini. Mjusi kafiri yule yule mchana ni wa kijivu cheusi chenye mistari, usiku ukutani amepauka karibu aonekane ndani. Wageni wa kazi hii huandika spishi mbili.

Macho yake hayana kope. Yamefunikwa na gamba angavu, ndiyo maana anayalamba kuyasafisha. Mwaka 2004 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba mjusi wa jamii hii, Tarentola chazaliae, hutofautisha rangi katika mwanga hafifu wa mbalamwezi, wakati ambapo sisi tunaona kijivu tupu. Basi tochi usimmulike usoni kwa muda mrefu.

Utaambiwa ana sumu. Hana, na watu wa nyumba unayofanyia kazi waeleze hivyo kwa heshima, bila kubishana na imani ya mtu. Ila kinyesi chake kinaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni, na chakula kifunikwe. Ukikuta mayai mawili meupe, magumu, nyuma ya picha au kwenye ufa, yaache palepale.

La mwisho ni kuhusu mahali. Msitu wa Kimboza, Morogoro, haufiki kilomita za mraba 5, na humo anaishi mjusi mdogo Lygodactylus williamsi, dume lake la buluu kali, juu ya aina moja ya mkadi. Walikusanywa kwa makumi ya maelfu kwenda kuuzwa ng'ambo kama wanyama wa kufuga, na mikadi ikakatwa ili wapatikane. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, zilikubaliana kumweka kwenye Kiambatisho cha Kwanza, kinachozuia biashara ya waliotoka porini. Kwa hiyo ukipata mjusi adimu, piga picha, andika viwianishi vya mahali kwenye daftari lako, na picha unayoiweka mtandaoni iondolee kwanza taarifa za mahali ilipopigwa.