Adhabu ya aliyeshika mhuri

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama afisa wa serikali aliyepatikana na hatia ya kushirikiana na majangili anastahili kufungwa miaka mingi, ilhali ameshapoteza kazi, kiinua mgongo na heshima yake. Unasema wenzako kwenye ofisi ya mashtaka wanaona kumfunga ni kumkomoa. Mimi mama yako nimestaafu nikiwa afisa wanyamapori. Nakujibu bila kuzunguka: kufukuzwa kazi hakutoshi.

Kumbuka yaliyotokea KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, Novemba 26, 2010. Ndege ya jeshi la Qatar iliondoka na wanyama hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga wanne. Twiga, mwanangu! Vipande vya pembe za ndovu mtu huvificha kwenye gunia la mkaa, lakini twiga hafichiki. Hawezi kufika mlangoni pa ndege bila kupita mbele ya watu wanaolipwa na umma kumlinda. Mwaka 2014 mahakama ya Moshi ilimhukumu mfanyabiashara mmoja raia wa Pakistani kifungo cha miaka 60, naye alikuwa ameshatoroka. Watanzania watatu walioshtakiwa pamoja naye waliachiwa huru, na kwa kuwa mahakama iliwaona hawana hatia, sina neno juu yao. Linaloniuma hadi leo ni aliyefungua njia.

Sasa tazama sheria. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinampa anayetumia madaraka vibaya faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kijana wa kijijini anayekutwa na nyara za serikali, yaani wanyamapori au viungo vyao bila kibali, mara nyingi huondoka na miaka 20. Tangu Sheria ya Uhujumu Uchumi irekebishwe 2016, kosa hilo la afisa likisomwa pamoja na sheria hiyo, naye anaweza kukabiliwa na miaka 20 hadi 30. Kwa hiyo mengi huamuliwa kwenye hati ya mashtaka, kabla hakimu hajasema neno. Hapo ndipo ninyi vijana mna kazi.

Halafu utamsikia afisa huyo akiomba apunguziwe: ni kosa lake la kwanza, ametumikia umma kwa uadilifu, ana familia inayomtegemea. Faili lake safi ndilo lililompa funguo za ghala la nyara, na ndiyo sababu majangili walimfuata yeye. Kulitumia tena faili hilo kumwombea huruma, mimi siwezi kulikubali. Familia hata yule kijana wa kijijini anayo.

Simweki kapu moja na karani aliyegonga mhuri kwa kumwogopa bosi wake. Karani huyo mahakama imsikilize, na akitoa ushahidi dhidi ya mkubwa wake apunguziwe. Bosi asipunguziwe.

Waulize pia wenzako kama wamewahi kuwafikiria askari wa doria. Nimefanya kazi nao, wanalala porini na bunduki kifuani wakiamini kuwa aliyepanga ratiba yao ofisini yuko upande wao. Afisa akiwauzia majangili ratiba hiyo, amewauza askari wake pamoja na ndovu. Mtu wa namna hiyo, miaka 20 kwangu si mingi.

Wasalimie wajukuu zangu.

Mama yako