Ukienda bustani ya Amani, chukua mtu mmoja tu

Watu wa Tanga tukitaka kupumzika, miguu inatupeleka Raskazone, baharini. Mimi nakushauri siku moja upande mlima. Juu ya Muheza, kwenye Usambara Mashariki, ipo bustani ya miti ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Ni kubwa mno, nayo imeshikana na msitu wa asili. Unatembea tu, mara unagundua kwamba miti ya kupandwa imekwisha na uko msituni.

Kubwa ninalotaka kukuambia ni hili: nenda na mtu mmoja. Kundi likipanda kule, huyu ataka picha, yule ana njaa, mwingine anauliza gari litaondoka saa ngapi, na siku inaisha hamjakaa. Mkiwa wawili, mwendo wenu unafuata mazungumzo. Mimi huenda na shoga yangu wa tangu utotoni, kule mtaa wa Ngamiani, Tanga mjini. Mjini twaonana mara kwa mara, lakini ni mazungumzo ya mlangoni, mtoto analia, simu inaita. Habari zake nzito, zile za kumpoteza mama yake na za kuogopa kuanza upya, nilizipata chini ya miti ile. Mkiwa mnatembea sambamba, macho mbele, neno lililokwama kooni hutoka lenyewe. Usimhimize. Akinyamaza, nyamaza naye.

Asubuhi mchukue kiongozi, kijana wa vijiji vya pale. Bila yeye mtaona majani tu. Yeye atawavunjia jani la mkafuri mlinuse, atawaonyesha mdalasini, na mkwinini, mti ambao gome lake ndilo lililotoa dawa ya malaria. Muulizeni pia habari za msizi. Mti huo asili yake ni huko magharibi, Kagera na nchi jirani. Ulipandwa Amani, ndege hondohondo wakapenda matunda yake, wakasambaza mbegu, na leo umeingia hadi ndani ya msitu wa asili na kuipa shida miti ya asili ya pale. Mimi habari hiyo huniuma kila nikiwaona hondohondo wakipita. Mkishapata maelezo, mlipeni vizuri na mwagane. Mchana ni wenu.

Tafuteni pia ua dogo la zambarau linalojificha kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Ni Saintpaulia. Jina limetokana na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, aliyepeleka ua hilo kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890. Leo linafugwa kwenye vyungu madirishani duniani kote, na sisi wenye nalo wengi hatujaliona likiota kwao. Msilichume, hata moja.

Msijaribu kumaliza bustani. Chagueni njia moja, tandikeni kanga mahali pakavu, kuleni. Bebeni chakula cha nyumbani: maandazi, katlesi, chupa ya chai ya tangawizi. Simu zizimeni kabisa. Mkiziacha zikitetema mfukoni, mmekuja na mji wenyewe. Mkitulia hivyo ndipo kima na mbega huanza kusogea matawini, wala hamna haja ya kuwatafuta.

Kuhusu safari: laleni Amani usiku mmoja kama mfuko unaruhusu, kwa sababu kwenda na kurudi Tanga siku hiyohiyo kunakula saa zote nzuri. Barabara ya kutoka Muheza ni ya vumbi, na masika ina utelezi. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ninayoipenda. Kiingilio kipo, na raia hulipa nafuu kuliko wageni. Vaeni viatu vya kufunika na msisahau sweta, maana sisi wa pwani baridi ile hutukuta na kanga tu.

Mkipita Zigi, kwenye njia ya Amani, simameni kidogo mtoni. Maji yale yanateremka hadi bwawa la Mabayani, na kutoka huko ndiyo tunayokinga kwenye mabomba yetu mjini. Shoga yangu alipojua hilo alichota mkononi, akanawa uso, akakaa juu ya jiwe hadi dereva akaanza kupiga honi.