Jibu: Chumvi yenye mchanga, na maji ya floraidi

Mkuu, umeuliza mawili: chumvi iliyomwagika mchangani unaiokoaje, na kama kuchemsha maji ya kisima chenu huko chini ya Mlima Meru kunaondoa floraidi, yale madini ambayo yakizidi kwenye maji huharibu meno na mifupa.

Chumvi ni rahisi. Tia vyote kwenye maji ya moto, koroga, acha mchanga utulie chini, kisha mimina maji taratibu uyachuje kwa kitambaa safi. Chemsha mpaka maji yakauke, chumvi inabaki kwenye sufuria. (Ila mkaa utakaounguza utakugharimu kuliko pakiti mpya. Mwachie mtoto afanye jaribio la shule.)

Floraidi ndiyo yenye kazi. Imeyeyuka kwenye maji kama ile chumvi, kwa hiyo kitambaa hakiizuii, na kuchemsha kunaikoleza tu: maji yanaondoka kama mvuke, yenyewe inabaki. Ungeukusanya ule mvuke ukaupoza, matone yake yangekuwa safi, lakini kwa ndoo za familia nzima kuni utazitoa wapi? Huku Arusha kuna vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Maji yanapita kati ya chembe zake, floraidi inanasa. Mkaa huo huchoka, lazima ubadilishwe. Na usidhani mkaa wa jikoni utafanya kazi hiyo.

Au kinga maji ya mvua. Hayo hayajapita kwenye miamba ya volkano, ambako floraidi yenu inatoka.