Kabla hujaandika "haikuonekana": rangi kwenye soseji

Wadogo zangu mnaoanza maabara, soseji nyekundu ikifika mezani ipimwe kama imetiwa rangi ya kutengenezwa, msikimbilie mashine.

Mimi nilikimbilia. Nilisaga, nikamwagia maji ya moto, nikachuja, nikaingiza kwenye HPLC, mashine inayotenganisha kemikali na kuonyesha kila moja kama kilele kwenye grafu. Hakuna kilele hata kimoja. Nikaandika "haikuonekana". Msimamizi akauliza tu: "Kwenye chujio kumebaki nini?" Nikaenda kutazama. Nyama ilikuwa nyekundu vilevile ilivyoingia!

Rangi nyekundu za kutengenezwa kama Ponceau 4R (E124) na Allura Red (E129) zina chaji hasi, na protini kwenye asidi ina chaji chanya. Zikishikana, maji matupu hayazitoi. Ondoa mafuta kwanza kwa heksani (kimiminika kinachoyeyusha mafuta), kisha toa rangi kwa methanoli yenye amonia kidogo, na urudie mpaka masalia yapauke. Yakibaki na uwaridi usiohama, huenda ni naitraiti tu, chumvi ya kuhifadhia nyama, ndiyo inayoipa soseji wekundu wake wa kawaida.

Mshikamano huohuo ndio siri ya kipimo cha sufu, cha kizamani lakini msikidharau. Chemsha uzi mweupe wa sufu kwenye kimiminika chako chenye rangi uliyoitoa, kilichotiwa asidi, uusuuze, kisha uuhamishie kwenye amonia hafifu ya moto. Rangi ya kutengenezwa huachia. Ukirudisha asidi, uzi mpya unaidaka tena. Ya bitiruti kwa kawaida huishia kwenye maji ya kusuuzia. Ila uzi mwingi wa kufumia madukani ni akriliki, nao haudaki kitu. Choma kipande: sufu hunuka kama nywele zilizoungua, akriliki huyeyuka.

Sasa ile heksani, umeimwaga? Basi huenda umemwaga ushahidi. Rangi za Sudan, ambazo ni za viwandani na si za chakula, huyeyuka kwenye mafuta, hazishiki sufu, na mara nyingi huja na pilipili ya unga. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa mamia ya vyakula madukani kwa sababu ya Sudan I iliyoingia kupitia pilipili ya namna hiyo. Soseji yenye viungo vikali ipimwe kwa njia mbili, methanoli yenye amonia na pia ile heksani, na sampuli za Sudan zifunikwe zisipigwe na mwanga.

Mwisho, chukua soseji isiyotiwa rangi, itie rangi kwa kiasi unachokijua, uipitishe hatua zote. Mimi nilipofanya hivyo kwa njia yangu ya maji ya moto, haikurudi hata nusu ya rangi niliyotia. Ripoti ile niliifuta siku hiyohiyo.