Barua kwa Mwanangu: Kuitenga Kolajeni na Kuithibitisha Aina Yake

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Katika barua yako umeniuliza mambo mawili: kwanza, kwa nini ngozi ya ndama uliyoichukua machinjioni huko Arusha iliyeyuka vizuri ndani ya asidi ya asetiki, ilhali kano ya ng'ombe mzee ilivimba tu na kubaki nzima, na pili, kama inatosha kuandika kwenye ripoti kwamba ulichokipata katika ngozi ni kolajeni (ile protini inayoipa ngozi na kano uimara) ya aina ya kwanza, kwa kuwa vitabu vinasema ndiyo iliyomo. La kwanza nitalijibu kwa ufupi. La pili nitalikalia zaidi, kwa sababu ndilo litakaloifanya kazi yako iaminike.

Molekuli ya kolajeni ni minyororo mitatu iliyosokotana, kila mmoja ukiwa na asidi amino zipatazo 1,000, na kila ya tatu katika mfuatano huo ni glaisini. Ncha za minyororo hiyo hazijasokotwa, na ni hapo ambapo molekuli moja hufungwa na jirani yake kwa vifungo vya kemikali. Mnyama anapozeeka, vifungo hivyo hukomaa na kuwa imara kiasi kwamba asidi peke yake haiwezi kuvivunja; ndama bado hajafika huko. Kwa kano yako tumia pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachosaga protini, ndani ya asidi ya asetiki ya moli 0.5 kwa lita. Kimeng'enya hicho hukata zile ncha, lakini sehemu iliyosokotana hakiigusi, na hivyo molekuli huachiwa zikiwa nzima.

Yote hayo yafanyike kwenye baridi ya nyuzi 4, na ukorogaji uwe wa polepole. Usishawishike kuongeza joto ili kuharakisha kazi, maana kolajeni ya ng'ombe ikiwa imeyeyushwa huanza kufumuka inapokaribia nyuzi 40, na ikishafumuka inakuwa jelatini, ile ile inayoifanya supu ya makongoro igande ikipoa. Jelatini ni chakula kizuri, lakini pepsini huikatakata, na baada ya hapo huna tena cha kupima.

Usafishaji wa mwanzo unaujua, kwa hiyo sitaurefusha. Ngozi iondolewe manyoya na mafuta, kisha ilowekwe katika hidroksidi ya sodiamu ya moli 0.1 ili protini nyingine zitoke. Mfupa uondolewe madini kwanza kwa EDTA, kemikali inayonasa kalisi. Gegedu lilowekwe katika gwanidini ya moli 4, kwa kuwa limejaa proteoglaikani, yaani protini zilizobeba minyororo ya sukari, zinazoizuia pepsini kuifikia kolajeni.

Sasa swali lako la pili. Hapana, mwanangu, haitoshi. Ngozi haina aina moja. Ina aina ya kwanza kwa wingi, ina aina ya tatu, ambayo huwa nyingi zaidi kwa mnyama mchanga kama huyo ndama wako, na ina aina ya tano kidogo. Tishu hukupa mchanganyiko, na kuutenganisha mchanganyiko huo ni kazi ya chumvi. Katika asidi, ukiongeza chumvi ya kawaida hadi moli 0.7 au 0.9 kwa lita, aina ya kwanza na ya tatu huganda pamoja kuwa tope jeupe, nawe unazikusanya kwa sentrifuji, ile mashine inayozungusha sampuli kwa kasi. Aina ya tano hubaki kwenye kimiminika cha juu hadi ufike karibu moli 1.2. Hapo wengi husimama, wakidhani wamemaliza. Wewe endelea: yeyusha upya lile tope jeupe, lirudishe kwenye hali isiyo ya asidi, yaani pH ya 7.4, kisha ongeza chumvi kidogo kidogo. Aina ya tatu itatangulia kuganda karibu na moli 1.7, na aina ya kwanza itafuata karibu na moli 2.5. Mpaka kati yao si mkali, kwa hiyo rudia hatua hiyo kabla ya kuyaamini mafungu yako.

Uthibitisho wenyewe utauona kwenye elektroforesisi, ambapo umeme huisukuma minyororo ya protini ndani ya jeli na kuitenganisha katika mistari. Aina ya kwanza ina minyororo miwili ya alfa 1 na mmoja wa alfa 2, kwa hiyo utaona mistari miwili iliyokaribiana, wa juu ukiwa na rangi nzito takribani mara mbili ya wa chini. Aina ya tatu ina alfa 1 pekee, na minyororo yake mitatu imefungwa pamoja kwa vifungo vya salfa. Pitisha sampuli yake mara mbili, sambamba: bila merkaptoethanoli, kemikali inayovunja vifungo hivyo, hubaki juu kabisa ya jeli, na ukiiongeza hushuka hadi eneo la alfa. Mshuko huo ndio ushahidi nilioutegemea miaka yote ya maabara.

Gegedu lina mtego wake. Aina ya pili, ambayo Miller na Matukas waliitambua mwaka 1969 katika gegedu la kuku, nayo ina alfa 1 tupu, na mstari wake hukaa karibu mno na ule wa alfa 1 ya aina ya kwanza. Kukosekana kwa alfa 2 ni dalili nzuri, lakini si hukumu. Hapo tafuta kingamwili mahususi, yaani inayoshika aina moja tu, au peleka vipande vilivyokatwa kwa tripsini, kimeng'enya kingine, kwenye spektrometa ya masi, chombo kinachopima uzito wa vipande hivyo, ukikumbuka kuifumua kolajeni kwa joto kwanza, kwani ikiwa imesokotana tripsini haiiwezi.

Kipimo cha haidroksiprolini, asidi amino iliyo nyingi katika kolajeni, ulichokitaja kifanye, kwa kuwa kitakuambia una kolajeni kiasi gani. Aina hakiitambui. Na usipime wingi wake kwa mwanga wa nanomita 280 kama protini nyingine, kwa sababu kolajeni haina triptofani na ina tairosini kidogo sana, nazo ndizo asidi amino zinazofyonza mwanga huo, na utadhani bomba ni tupu wakati limejaa.

Anza na hiyo ngozi ya ndama, na ukishapata jeli yenye sampuli mbili sambamba, nitumie picha yake tuisome pamoja kabla hujamkabidhi msimamizi wako ripoti.

Ni mimi baba yako.