Saiti tano, pampu moja: kwa anayeanza kuratibu miradi ya ujenzi

Ukikabidhiwa kuratibu miradi kadhaa ya kampuni moja, utavutwa kwanza kuzisoma ratiba za miradi, moja baada ya nyingine. Zisome, lakini usiishie hapo. Kila msimamizi wa saiti anaijua ratiba yake kuliko utakavyoijua wewe. Asichokijua ni kwamba pampu ya zege aliyojiwekea Alhamisi, mwenzake naye kaiweka Alhamisi hiyohiyo. Kazi yako imo kwenye vitu vinavyogombewa: kreni, pampu, magari ya zege, mpima, kikosi cha wafunga nondo, fedha, na saini ya mtu mmoja ofisini.

Kwa hiyo anza na orodha ya vitu hivyo kabla ya orodha ya miradi. Kila kimoja kipe mstari wake kwenye kalenda ya wiki sita zijazo, na kila siku iwe na jina la mradi mmoja tu. Wiki mbili za mwanzo zifunge: anayetaka kubadilisha azungumze nawe, na azungumze pia na yule atakayenyang'anywa zamu. Zinazofuata ziache zisogee.

Siku ya kumwaga zege ndiyo inayotaka hesabu kali kuliko zote. Chukua slabu, yaani sakafu ya zege, ya mita za mraba 300 yenye unene wa milimita 200: inakula mita za ujazo 60. Pampu ikisukuma 20 kwa saa na gari likibeba 6, basi kila dakika 18 gari jipya liwe limefika. Kama gari hutumia dakika 90 tangu lipakie hadi lirudi kupakia tena, unahitaji magari matano yanayozunguka bila kukatika. Sasa saiti mbili zenye slabu kama hiyo zimwage siku moja, na kampuni ina magari sita. Kila saiti inapata matatu, gari linafika kila baada ya nusu saa, kazi ya saa tatu inakuwa ya saa tano, na kwenye jua kali zege la mwanzo linaanza kushika kabla la pili halijamwagwa pembeni yake. Hayo mawili hayaungani vizuri. Unabaki mstari dhaifu ambao baadaye hupitisha maji. Ukizikagua ratiba mbili zile moja moja, hutaona kosa. Ndiyo maana siku ya kumwaga isithibitishwe mpaka umeandikiwa ujazo, idadi ya magari, muda wa mzunguko na pampu ya akiba, na mhandisi mshauri awe ameshakagua nondo siku iliyotangulia. Ukaguzi wa asubuhi ileile, magari yakiwa yanangoja getini, ni hatari: akikataa kitu kimoja, zege linaharibikia ndani ya gari.

Miradi miwili ikigombania kreni, usimpe anayepiga simu mara nyingi. Uliza: kazi hii ikichelewa siku tatu, tarehe ya kukabidhi jengo inasogea? Kama haisogei, angoje. Na unapohamisha kikosi kwa kazi ya siku mbili, hesabu nne: kuna kufunga na kusafirisha vifaa, mafunzo ya usalama kwenye saiti mpya, na kurudi.

Kwenye taarifa za wiki, jihadhari sana na asilimia. "Tumefika asilimia 90" inaweza kukaa hivyo mwezi mzima. Uliza kilichobaki kwa kipimo: mita ngapi za plasta, milango mingapi, mafundi wangapi, wanamaliza kiasi gani kwa siku. Jibu litatoka lenyewe, na mara nyingi msimamizi mwenyewe ndiye atakayeshtuka.

Kuazimana saruji na nondo kati ya saiti kusizuiwe, ila kusifanyike bila hati. Mifuko 200 ikihama kimyakimya, mradi mmoja utaonekana unapata hasara na mwingine faida, na kote kuwili ni uongo. Hati iandike kiasi, tarehe na saini za stoo zote mbili. Saruji iliyokaa zaidi ya miezi mitatu ipimwe kwanza, maana hupoteza nguvu hata mfuko ukiwa haujafunguliwa.

Kuhusu fedha, usome mkataba wa kila mradi mwenyewe. Kwa masharti ya mwaka 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri ambalo hutunga mikataba ya ujenzi, mhandisi ana siku 28 tangu apokee madai yako ya malipo kutoa hati ya malipo, na mwajiri, yaani mwenye mradi, ana siku 56 za kulipa, zikihesabiwa tangu siku hiyohiyo madai yalipopokelewa. Kwa hiyo kazi ya mwezi huu huenda ikalipwa baada ya miezi miwili, huku mishahara haingoji. Manunuzi makubwa ya miradi mitatu yasiangukie mwezi mmoja. Masharti hayo pia yanataka taarifa ya dai la muda au fedha itolewe ndani ya siku 28 tangu ujue tukio. Ukipitisha, dai limekufa. Ucheleweshaji uliousababisha wewe kwa kumwondolea mtu kreni hauna wa kudaiwa.

Mwisho, michoro. Toleo jipya likitoka, usitosheke na kulituma. Hesabu nakala za zamani zilizorudi ofisini. Zikipungua, nenda ukazitafute, ukianzia kwenye meza ya wakata nondo.